Marekani ilichelewaje kuitambua Liberia wakati walowezi walitoka kwao?

Wakuu habari zenu, kuna kitu hakiniingii akilini. Liberia ilitangaza uhuru 26 Julai 1847, Uingereza ikaitambua mwaka uliofuata tu, ila Marekani kimyaa mpaka 1862. Miaka 15! Tatizo lilikuwa nini hasa?

kasuku_wa_pwani: Mkuu, serikali ya Marekani haikuwahi kukubali kwamba Liberia ni koloni lake, mwenye mradi wa kuwahamishia watu weusi huru wa Marekani kule alikuwa American Colonization Society, chama cha watu binafsi (hela ya serikali ilipenya penya humo lakini). Sasa wafanyabiashara wa Kiingereza wakifika pale na mizigo wakidaiwa ushuru wanagoma, wanasema nyie si nchi, chama hakina mamlaka ya kumtoza mtu. Washington wakiulizwa, wanaruka. Kwa hiyo mambo yalianzia forodhani, bendera ikafuata.

msoma_ramani: Na rais wa kwanza wa Liberia, Joseph Jenkins Roberts, hakukaa kusubiri barua. 1848 kapanda meli hadi London, kaonana na Palmerston waziri wa mambo ya nje, Novemba mkataba ukasainiwa na akapewa na kimeli cha doria juu. Msidhani ni huruma, Waingereza walitaka biashara na walitaka mtu wa kusaidia kuzuia meli za watumwa pwani ile, jamaa alilijua hilo akalichezea vizuri sana.

Muuliza swali: Nimekupata, ila Washington je??

bint_historia: Utumwa ndugu yangu, hamna siri hapo. Ukiitambua nchi lazima upokee balozi wake, na balozi wa Liberia ni mtu mweusi, ataalikwa Ikulu, atakaa meza moja na maseneta wanaomiliki watu weusi wenzake. Majimbo ya Kusini yenye watumwa hawakutaka hata kusikia, Haiti iliyojikomboa 1804 ilifanyiwa hivyo hivyo. Majimbo yao yalipojitenga na viti bungeni vikabaki vitupu, Rais Lincoln Desemba 1861 akaliambia Bunge haoni sababu ya kuendelea kuzinyima utambuzi nchi hizo mbili, Seneta Charles Sumner akausukuma muswada, Juni 1862 Haiti na Liberia zikapita kwa sheria moja.

kasuku_wa_pwani: Na bado hata hapo alisimama seneta wa Kentucky, jimbo ambalo halikujitenga, kupinga, hoja yake ni ileile, balozi mweusi na familia yake kwenye hafla za Washington. Safari hii kura hazikumtosha.