Mume wangu amekutwa na homa ya ini B na tunatafuta mtoto. Tuanzie wapi?

BintiWaIgoma:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Nina miaka 29, mume wangu 34. Tunaishi Igoma, Mwanza. Yeye ananunua dagaa visiwani na kuwaleta Mwaloni, Kirumba, mimi nina fremu ya vitenge. Tulifunga ndoa mwaka jana na tangu Januari tunatafuta mtoto. Wiki 3 zilizopita wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, ndugu wakaombwa kuchangia damu. Mume wangu akaenda na vijana wenzake wa Mwaloni. Siku chache baadaye akapigiwa simu arudi, akaambiwa damu yake haiwezi kutumika, ana homa ya ini B. Haumwi popote. Hajawahi kuwa na macho ya njano, anabeba magunia kama kawaida.

Nikapima na mimi, sina. Aliyetupa majibu, na sitataja ni wapi, akatuambia kwa macho makavu: "Mambo ya mtoto sahauni, atazaliwa na ini bovu." Hakutuelekeza popote, tukatoka. Tangu siku ile mume wangu analala sebuleni. Ametenga kikombe chake, sahani yake, hata ndoo ya kuogea. Jana nimemkuta anakula ugali peke yake jikoni amesimama. Nililia sana.

Mama mkwe yuko Sengerema, kila Jumapili anapiga simu kuuliza kama kuna habari njema. Hajui lolote. Na kuna mtu ameshamletea mume wangu chupa ya mizizi ya shilingi 80,000, eti miezi 3 inasafisha ini lote.

Ni kweli hatuwezi kuzaa? Nikichanjwa nisubiri muda gani? Hiyo dawa ainywe?

MvuviMstaafu:

Pole shemeji. Mimi ninavyo hivyo virusi tangu 2014 na nina watoto wawili, wote wamepimwa, hawana. Mke wangu alichanjwa kwanza. Leo hii hii mrudishe mumeo mezani. Havipiti kwenye sahani, kijiko, kukumbatiana wala kukohoa. Kitu cha kutenga ni wembe, mashine ya kunyolea, mswaki na kikata kucha, basi.

Kijana_Nyegezi:

Dada, nasema kwa nia njema. Bado hamna mtoto, wewe uko salama. Fikiria maisha yako kabla hujaingia ndani zaidi.

MkungaWaZiwa:

Wewe wa Nyegezi, ugonjwa wenye chanjo hauvunji ndoa.

Binti yangu, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31, miaka mingi nikiwa Ukerewe, sasa nimestaafu. Nianze na hilo lililokuliza. Mtoto anazaliwa na homa ya ini kwa kuipata kwa mama, na mara nyingi ni saa ile ya uchungu na kutoka, anapogusana na damu ya mama. Kwa hiyo mlango wa mtoto wako ni wewe, na wewe huna virusi. Kazi yenu ni mlango huo ubaki umefungwa.

Ila usitosheke na kipimo kimoja. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla kipimo cha HBsAg, kile cha damu kinachotafuta virusi hivi, hakijavionyesha, na nyinyi mpaka juzi mlikuwa mnakutana bila kinga. Anza chanjo sasa, tumieni kondomu, kisha rudia kipimo baada ya miezi 2 au 3. Muulize daktari akuangalie pia kama uliwahi kuambukizwa zamani ukapona bila kujua. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi sana mwili wake unavifukuza wenyewe.

Sindano ni 3: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa 6. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya mwisho unapima kingamwili. Ikisoma 10 au zaidi umekingika, kondomu mnaweka pembeni mnatafuta mtoto wenu kwa raha. Wengi wanaruka kipimo hicho kukwepa gharama. Mke wa mtu mwenye virusi asikiruke, kwa sababu wapo wachache ambao chanjo haiwashiki na inabidi warudie mzunguko. Na mimba ikiingia katikati ya sindano usitishike. Mjamzito anachanjwa chanjo hii bila tatizo.

Mumeo naye aende hospitali ya Bugando au Sekou Toure akaanze safari yake. Kipimo cha kuchangia damu peke yake hakimaanishi ugonjwa wa kudumu, hurudiwa baada ya miezi 6. Wakati anasubiri, wamwangalie wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini na chembe sahani za damu, apigwe na ultrasaundi. Si kila mwenye virusi anaanzishiwa dawa siku hiyo. Apimwe na VVU kabla ya kupewa tenofovia, dawa ya kuvidhibiti virusi hivi, maana dawa hiyo ni mojawapo ya zile za VVU, na mwenye VVU akiinywa peke yake virusi vinaizoea. Amwambie daktari kwamba ni mtu wa ziwani. Kichocho huku kwetu kinaharibu maini ya watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa swali langu, na ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Mumeo kavipata wapi? Wanaobaki navyo maisha yote, wengi waliambukizwa wakiwa wachanga au wadogo. Wifi yako aliyejifungua juzi ni tumbo moja na mumeo? Kadi yake ya kliniki inasema alipimwa homa ya ini?

BintiWaIgoma:

Tumbo moja, mama. Ngoja nimpigie.

TabibuAsilia_Magu:

Mume anywe hiyo dawa, mimi nimeona watu wamepona kabisa. Hospitali hawana dawa ya kuvimaliza hivi virusi.

MtotoWaMkuyuni:

Hapo mwisho umesema kweli, dawa ya kuvimaliza bado, tenofovia inavilaza tu. Lakini vikilala ini linapona majeraha, na ndicho tunachokitaka. Kaka yangu alikunywa mizizi karibu mwaka mzima, kliniki hakanyagi kwa sababu aliamini anapona. Tulipomfikisha hospitali tumbo lilikuwa limejaa maji. Tulimzika Kisesa akiwa na miaka 38. Dada, hiyo chupa imwage. Na pombe aache. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu msile pia, ile sumu ya kuvu ikikutana na virusi hivi inaongeza hatari ya saratani ya ini.

MamaWaNansio:

Mwenzio mlango ulikuwa wazi, mimi ndiye niliyekuwa navyo.

Niligundulika kliniki, mimba ina miezi 4. Nilimtuhumu mume wangu, naye akanituhumu, tukakaa wiki mbili hatusemeshani, na kumbe yeye alipopima hana. Baadaye mama yangu akapimwa, anavyo. Wadogo zangu wawili, wanavyo. Tumbo zima la mama yangu, na hakuna aliyewahi kuumwa.

Kipimo cha wingi kilizidi uniti 200,000 kwa mililita, nikaanzishiwa tenofovia wiki ya 28. Daktari aliniambia maneno ambayo sitayasahau: mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 wanabaki navyo maisha yao yote, kwa hiyo chanjo yake ya kwanza lazima aipate ndani ya saa 24. Nikafikiri ni jambo la kawaida. Kuuliza, ratiba niliyopewa kwenye kadi ya mtoto inaanza wiki ya 6, ndani ya pentavalenti, ile sindano yenye chanjo tano kwa pamoja, kisha wiki ya 10 na ya 14. Siku ya kuzaliwa hakuna! Mume wangu alivuka na meli kwenda Mwanza mjini, akazunguka siku mbili hadi akapata kituo chenye chanjo ya homa ya ini peke yake, isiyochanganywa na nyingine. Tukakubaliana ibaki kwenye friji yao, na mimi nihamie kwa dada yangu Buzuruga mimba ikifika wiki ya 36 nijifungulie mjini.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida, virusi hivi peke yake si sababu ya kupasuliwa. Binti yangu alichomwa akiwa na saa 5. Nilimnyonyesha mwaka na nusu, maziwa hayana shida. Dawa sikuiacha kwa uamuzi wangu baada ya kujifungua, maana ukikatisha hovyo virusi vinaweza kuamka na kulishambulia ini kwa nguvu. Alipotimiza mwaka tukampima. Majibu nilipewa asubuhi, nikayasoma tena na tena ndani ya meli mpaka Nansio. Hana.

Mtoto wako naye aulizieni mapema chanjo ya siku ya kwanza hata kama wewe umekingika, kwa kuwa atalelewa na baba mwenye virusi.

BintiWaIgoma:

Narudi baada ya siku 6, nisameheni kwa ukimya.

Mume wangu amefanyiwa vipimo. Ini halijaharibika, VVU hana. Majibu ya wingi wa virusi tunayasubiri. Mimi nimechomwa sindano ya kwanza, ya pili ni mwezi ujao. Daktari alimwambia mbele yangu, "Kale na mkeo." Jioni ile tulikula sato sahani moja. Chupa ya mizizi nimeimwaga mwenyewe.

Mama Mkunga, kadi ya wifi haikuwa na kipimo cha homa ya ini. VVU na kaswende vipo, hicho hakipo. Nilimpeleka juzi. Anavyo.

Mtoto ana wiki 4. Wamemchoma chanjo siku ile ile, wakasema imechelewa lakini si ya kuachwa, na wamempangia upya tarehe za zinazofuata. Atapimwa kuanzia miezi 9. Wifi alikuwa ameacha kunyonyesha ghafla kwa hofu, mtoto analia usiku kucha. Nilimsomea ujumbe wa MamaWaNansio, akamweka titi pale pale tukiwa kwenye benchi.

Sasa bado mama mkwe na wadogo wa mume wangu watatu. Kesho ni Jumapili. Mume wangu amesema simu ikiita ataipokea yeye.

MkungaWaZiwa:

Asianze na neno ugonjwa. Aanze na mjukuu amechanjwa, kisha amuombe mama naye apime. Mimi niko macho, mkikwama niandikieni.