Huruma ndiyo inayotufanya tuue wezi?

Mleta mada, Ngamiani, Tanga:
Wakuu, naandika moyo haujatulia. Juzi asubuhi, barabara ya 12, mama muuza vitumbua aliporwa simu. Alikaa chini akalia, rojo la mchele bado mikononi. Waliomkimbilia kumpa pole ndio hao hao waliomkamata kijana na kumpiga mateke. Nilimwona kwa karibu: kandambili moja mguuni, sikio limejaa mchanga, anaita "mama, mama". Wale si watu wenye roho mbaya, nawajua. Walimhurumia mama mmoja mpaka wakasahau kwamba na huyu ana wake. Ndiyo maana nasema huruma ya upande mmoja ndiyo inayookota mawe.

Mchangiaji, Chumbageni:
Sikubaliani, mkuu. Mimi bodaboda yangu iliibwa mkataba ukiwa umebaki miezi minne, nikawa nalipa hesabu ya chombo ambacho sina. Mwizi ukimpeleka kituoni, kesho mnapishana sokoni. Unataka nijiweke mahali pake. Yeye alijiweka pangu lini?

Mchangiaji, Makorora:
Pole ndugu yangu. Lakini jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Tania Singer na wenzake, London, walichapisha utafiti wa watu waliopigwa picha za ubongo huku wakimtazama mwenzao akiumizwa mkono. Kabla ya hapo walicheza naye mchezo wa pesa. Alipoumia aliyecheza nao kwa haki, ubongo uliitikia kana kwamba maumivu ni yao. Alipoumia aliyewadhulumu, kwa wanaume mwitikio huo ulishuka sana, na sehemu zinazohusika na raha zikaamka. Kwa hiyo mpigaji huruma anayo, ila kuna anayemfungia mlango. Rwanda mwaka 1994 redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na mende nani anamlilia? Sisi tuna neno "kibaka". Likishatamkwa, hakuna anayeuliza jina.

Mleta mada:
Wa Chumbageni, pole sana kaka, na sikuombi umsamehe. Aende kituoni, ashtakiwe. Katiba ibara ya 13(6)(b) inataka asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Ila siku ile Katiba haikuwepo. Bibi mmoja alipenya katikati akauliza, "Huyu mtoto wa kwa nani?" Mikono ikashuka. Baadaye nikamfuata mama wa vitumbua, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akasema alitaka simu yake, hakutaka damu kwenye kibaraza chake.