Naomba ushauri: kocha ameligawa tawi letu

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki hapa Mwanga, Kigoma. Timu siitaji jina. Tatizo ni kocha: nusu ya wanachama wanataka afukuzwe leo, nusu wanasema apewe muda.

Jumapili tulipotoka Uwanja wa Lake Tanganyika tukiwa tumefungwa, ugomvi ulianza njiani. Mzee wetu mmoja, mpiga ngoma tangu tawi linaanzishwa, aliiweka ngoma mlangoni kwangu akasema, "Katibu, kaa nayo. Sipigi tena mpaka huyu mtu aondoke." Ipo hapa chumbani, bado ina vumbi la uwanjani. Kila nikiiona roho inaniuma.

Mimi binafsi naona apewe nafasi. Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986, kombe la kwanza akalipata 1990, na alipoondoka 2013 alikuwa na mataji 13 ya ligi. Lakini wanaompinga kocha wetu nao wana hoja. Tunaongoza, dakika ya 70 anamtoa kiungo mkabaji anaingiza mshambuliaji, tunarudishiwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, tena si mara moja.

Sasa michango ya safari imesimama, basi halijalipiwa, na kuna ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani.

Niitishe kikao tupige kura, au ndiyo nitalivunja tawi kabisa? Na yule mzee nimfuateje nyumbani kwake bila kuonekana nimechagua upande? Aliyewahi kupitia hili anisaidie.