Riwaya ya mfululizo WhatsApp: mnahifadhije sehemu zisipotee?

Kijana wa Mafinga:
Wakuu, salaam. Kuna mtunzi ninayemkubali sana, anarusha riwaya yake kwenye grupu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maneno kama 700 kila sehemu. Dakika nne imeisha, unabaki na arosto. Sasa maoni ya watu yanazifukia sehemu, na zile za mwanzo zinajifuta zenyewe. Mnazihifadhije? Na ikifika sehemu ya 40, mnakumbukaje nani ni nani?

Uyole Juu:
Kama zinajifuta, admini au mwanagrupu mwingine kawasha ujumbe wa kutoweka: saa 24, siku 7 au siku 90. Kuweka nyota hakusaidii, ujumbe ukifutika na nyota inaondoka nao. Fungua soga ya namba yako mwenyewe, hakikisha huko kutoweka kumezimwa, kisha nakili kila sehemu ubandike humo siku hiyohiyo. Juu yake andika namba ya tarakimu tatu, 001, 002. Ukiandika 1 tupu, siku ya kutafuta utaletewa na 10 hadi 19.

Mama wa Tukuyu:
Wahusika waandikie karatasi moja tu: jina, ni nani kwa nani, siri anayoijua, na namba ya sehemu ulipomwona mara ya mwisho. Hiyo namba ndiyo muhimu, kwa sababu mtunzi mzuri hudokeza jambo sehemu ya 6 akaja kulifumbua ya 31, na hapo ndipo wasomaji wengi hulalamika kwamba hadithi imeruka.
Halafu mwanangu, acha sehemu tatu zijikusanye, usome Ijumaa jioni. Najua mwenye arosto hasikii.

Makambako Stendi:
Jihadhari na nakala za magrupu mengine. Watu hukata aya za mwisho, hubadilisha namba, na jina la mtunzi hulitoa. Kabla ya kuhifadhi, linganisha mstari wa mwisho wa sehemu iliyopita na wa kwanza wa hii. Na kama ni ya kulipia, usiisambaze.
Bando lisikutishe: maneno 700 ni kilobaiti 5 hivi, yanapita hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Kinachokula bando ni picha za kurasa na sauti.

Kijana wa Mafinga:
Shukrani wakuu. Na zilizokwisha kufutika?

Uyole Juu:
Kwenye simu yako hazirudi. Muulize mwanagrupu aliyezinakili, au mwandikie mtunzi inbox umtajie namba unazokosa. Wengine huuza pdf ya sehemu zilizopita.