Zawadi aende unesi au ualimu?

Baba Zawadi: Familia habari za jioni. Matokeo ya Zawadi mmeyaona, divisheni 3, baiolojia C, kemia D, fizikia D. Mi nataka ualimu mama yake anataka unesi, nyie mlio kwenye hizo kazi semeni kabla dirisha la kuomba vyuo halijafungwa

Shangazi Rehema: Unesi anaingia kaka, hizo sayansi tatu ndo wanazoangalia. Stashahada miaka 3 halafu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndo apate leseni

Mama Zawadi: Wifi mi nilichofuata ni ajira, nasikia afya hawakai mtaani

Mjomba Kasimu: Dada hapo usijidanganye. Zamani sisi walimu ukimaliza chuo TAMISEMI inakupangia kituo unaenda, sikuhizi unaomba Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, na tangu Januari 2025 walimu nao wanaitwa usaili, manesi hivyo hivyo. Hapa shuleni nina vijana wawili wanajitolea mwaka wa tatu huu

Shangazi Rehema: Kweli shem, hata wodini kwetu wapo wa kujitolea. Mi naomba mtoto aambiwe kazi yenyewe ilivyo. Juzi naiti tulikuwa wawili leba, akina mama watano, saa tisa usiku mmoja kajifungua vizuri tu mara damu haikatiki, unakanda tumbo huku mwenzio anaweka dripu huku mwingine anakuita anasukuma. Alipona alhamdulillah. Nimerudi home asubuhi nimekaa kitandani na viatu. Na mwaka juzi nilijichoma sindano nikameza dawa za kujikinga na Ukimwi siku 28, wanangu sikuwaambia

Mama Zawadi: Jamani wifi 😢 pole hukutuambia

Mjomba Kasimu: Pole sana shem. Kwetu hakuna naiti ila nina watoto 104 darasa moja, madaftari nasahihishia nyumbani mpaka saa sita. Kuna binti kafika la nne hajui kusoma, nikawa nabaki nae kila siku baada ya kengele toka Februari, Juni ndo kasoma sentensi nzima bila kushika mstari. Ukiwa huna subira unamwacha tu na hakuna atakayekuuliza, hiyo ndo inayoniuma

Zawadi: Shikamooni wote. Mimi kidonda cha bibi cha sukari nilikisafisha miezi minne sikuona kinyaa. Ila kumfundisha Juma hesabu nachoka haraka namfokea, mjomba nakuambia ukweli

Mjomba Kasimu: Marahaba mwanangu. Basi nenda kwa shangazi yako

Shangazi Rehema: Marahaba. Njoo Ijumaa ukae kwangu wiki, unione nikitoka zamu. Kaka, mikopo ya stashahada ipo toka 2023/24 na afya imo, ila cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, mapema

Baba Zawadi: Sawa. Zawadi kitoe hicho cheti kwenye begi la mama yako, kesho naenda nacho mjini