Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kutakasa vifaa, na ulijifunzia wapi kwa machungu?

Nesi wa Zamu: Habari za jioni wakuu. Leo nimepewa mhudumu mpya nimfundishe chumba cha vifaa. Nimemkuta anatumbukiza koleo za kuzalishia kwenye beseni zikiwa zimefungwa meno. Nikamuuliza nani kakuonyesha, akasema, "Niliona wenzangu wanafanya hivi." Nimekosa la kumwambia, maana miaka tisa iliyopita na mimi nilijifunza kwa kuona wenzangu. Waliopitia chumba hicho, tupeane uzoefu.

Mhudumu Zahanati: Semina ikija anaenda mganga mfawidhi. Anarudi na cheti na begi. Anayeosha ni mimi.

Kijana wa Maabara: Hapo umemaliza kila kitu.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, umenikumbusha mbali. Ilikuwa kituo cha afya fulani, usiku wa manane, mama wa uzao wa tatu kaletwa kwa upasuaji wa dharura. Mimi ndiye niliyefungua furushi la vifaa. Tepu ya kuonyesha furushi limepita kwenye joto ina mistari yake myeusi, tarehe imeandikwa, kila kitu sawa. Daktari akachukua koleo ya kubania mshipa, akaona ngumu, akalazimisha kuifungua. Kwenye kiungio pakatoka chembe nyeusi kama jani la chai, ikaangukia kitambaa cha kijani. Damu. Damu ya mtu mwingine, imeivishwa na mvuke mpaka imekuwa ukoko.

Daktari hakufoka. Alisema tu, "Seti nyingine." Seti nyingine ilikuwa moja, na ilikuwa ndani ya otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, bado inakauka. Tukasubiri, mwenzangu kainama na fetoskopu anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa sauti, namba baada ya namba. Mama na mtoto walitoka salama, Mungu ni mwema. Lakini ile koleo niliiosha mimi mchana wake. Niliiosha ikiwa imefungwa. Nimestaafu na bado nazisikia zile namba.

Kwa hiyo huyo binti mwambie: mvuke haupiti kwenye uchafu. Tepu inakwambia furushi limepita kwenye joto, basi. Kama uliosha vibaya, tepu haijui.

Bi Pwani: Pole sana mama. Nimesoma mara mbili.

Mtu wa Upasuaji: Ndiyo maana tunasisitiza: kwanza loweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo uoshe. Ukiwa na chupa ya asilimia 3.5, chota kipimo kimoja, weka maji vipimo sita.

Fundi Vifaa: Naomba nikupinge mkuu. Huo ni utaratibu wa zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haupendekezi kuloweka kwenye dawa kabla ya kuosha. Damu inaidhoofisha klorini, na klorini inakula chuma. Mimi ndiye ninayeletewa mikasi yenye kutu niitengeneze.

Mtu wa Upasuaji: Kutu afadhali kuliko mtu kuambukizwa. Sisi tulifundishwa hivyo kipindi Ukimwi unatisha, anayeosha alikuwa anaogopa hata kugusa beseni. Wewe wa karakana hujawahi kuchomwa na sindano iliyosahaulika kwenye sinia.

Fundi Vifaa: Klorini haizuii sindano kuchoma! Kinachomlinda ni glavu nene za mpira, aproni, miwani, na kusugulia ndani ya maji ili yasiruke usoni.

Mhudumu Zahanati: Glavu nene zenyewe mara ya mwisho tulizipata lini?

Nesi wa Zamu: Jamani msigombane. Mtu wa Upasuaji, hofu yako naielewa, ila kuhusu kutu Fundi amesema kweli, koleo zetu nyingi zimeshakufa.

Otoklevu ya Mkaa: Mnagombania beseni, mimi mfuniko nusura utuue. Zahanati haina umeme, otoklevu yetu ni ile ya kukalisha juu ya jiko la mkaa. Mwenzangu aliona geji ya presha iko sifuri akaanza kulegeza skrubu. Kumbe geji imekwama, ndani mvuke umejaa. Mfuniko uliruka ukagonga dari. Kilichomuokoa uso ni kwamba alikuwa ameinamia upande kuokota kitambaa. Mkono wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko.

Bi Pwani: Yesu wangu! Anaendeleaje?

Kijana wa Maabara: Mkono ulipona? Anafanya kazi bado?

Otoklevu ya Mkaa: Alipona, ana kovu. Anafanya kazi, ila hasogelei ile mashine tena. Tangu hapo siamini geji. Nafungua valvu ya mvuke, nasikiliza mpaka mluzi uishe kabisa, ndipo nagusa skrubu.

Dogo Nesi: Mimi huwa namwagia maji baridi juu ipoe haraka.

Fundi Vifaa: Usifanye hivyo! Mafurushi yanalowa, na furushi lililolowa halitumiki hata kama tepu imebadilika. Linarudi mwanzo.

Nyanda za Juu: Na sisi wa milimani tukumbukwe. Geji ikisoma paundi 15 huku kwetu, joto halijafika nyuzi 121 zinazotakiwa. Lazima presha ipande zaidi kidogo. Hili niliambiwa na fundi mmoja mzee, darasani halikutajwa.

Dogo Nesi: Umeme ukikatika katikati nahesabu dakika zilizobaki?

Mkunga Mstaafu: Hapana mwanangu. Unaanza upya. Dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa kwenye furushi, 20 kwa visivyofungwa, na unaanza kuhesabu joto likishafika. Hata kama mama anasubiri nje.

Mtu wa Upasuaji: Hapo kwa mama Mkunga nakubali. Na Fundi, nitumie huo mwongozo niusome.

Nesi wa Zamu: Asanteni sana. Kesho saa moja na nusu asubuhi namsimamisha binti kwenye sinki, brashi mkononi, koleo zote zimefunguliwa, nami naosha pembeni yake. Kabla hajafunga seti, atapitisha kidole na jicho kila kiungio. Mhudumu Zahanati, nina karatasi ya hatua zote, nikutumie ubandike ukutani?

Mhudumu Zahanati: Ipo ukutani dada. Imeandikwa kwa Kiingereza.

Nesi wa Zamu: Basi nakuandikia ya Kiswahili usiku huu, kwa mkono, nitaipiga picha.