Nitaelezaje kwamba utafiti wangu wa Kimtang'ata unahitajika?

Mwanapwani: Wadau, hamjambo. Ninaandika pendekezo la utafiti la shahada ya umahiri kuhusu Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga. Katika tamko la tatizo niliandika kwamba “hakuna mtafiti yeyote aliyewahi kuichunguza lahaja hii”. Msimamizi wangu ameipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika neno moja tu: “Umejuaje?” Naomba mnielekeze namna ya kuonesha pengo bila kudai nisichoweza kukithibitisha.

Bibi Maktaba: Msimamizi wako amekuokoa, mwanangu. Wilfred Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa Kimtang'ata mwaka 1956, kwa hiyo mtahini yeyote wa lahaja angekuumbua kwa sentensi hiyo. Usiikimbie kazi yake, bali ianzie hapo. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi Tanzania Bara, na tangu hapo watoto wa pwani hiyo wamesomeshwa kwa Kiswahili Sanifu darasa hadi darasa, huku wazee waliosema mbele ya Whiteley wakiendelea kututoka. Wajukuu wao wamebakiza nini na wameacha nini? Swali hilo yeye hakuweza kulijibu. Na popote unapotaka kuandika “hakuna aliyewahi”, andika “katika kazi tulizozipitia hatukukutana na”, kisha utaje ulizitafuta katika maktaba zipi na kwa maneno gani.

Mwalimu Mstaafu: Naafiki, ila pengo peke yake halitoshi, kwani yapo mengi yasiyochunguzwa ambayo hakuna anayeyahitaji. Sema nani atapungukiwa usipoifanya kazi hii. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 mjini Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, lahaja nyingine zilibaki nje ya madarasa. Msamiati wa Kimtang'ata wa uvuvi na vyombo vya bahari ukipotea kabla haujaandikwa, watunga kamusi watauchota wapi?

Mwanapwani: Ahsanteni sana, Bibi na Mwalimu. Nimeandika upya hivi: “Maelezo ya Whiteley (1956) yalitangulia Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi mwaka 1967. Utafiti huu unachunguza ni maumbo gani ya kitenzi aliyoyarekodi ambayo vijana wa sasa wanaendelea kuyatumia, na yapi yamebaki kwa wazee pekee.” Aya ya msamiati wa uvuvi nitaiweka katika umuhimu wa utafiti, kisha nimrudishie msimamizi Jumatatu.